Ushairi Usiohitaji Mkalimani

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya mashairi ya David G. Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, mwaka 1939. Katika mwaka 1973 alitoa kitabu kiitwacho My Dear Bottle, na mwaka 1974 akatoa After 4.30, vyote kwa jina la Comb Books, kampuni yake mwenyewe ya Nairobi. Ni tenzi ndefu za Kiingereza, zisizofuata vina wala mizani, na maneno yake ni yale ambayo mtu humwambia jirani yake.

Vilinunuliwa sana na watu wa kawaida. Walakini wako wasomi waliosema kwamba huo si ushairi, na wazazi wengi waliona haya. Mwaka 1976 Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Comb Books.

Sasa yafaa tuulize: Je, shairi hupungukiwa na heshima kwa sababu mtu wa sokoni amelielewa? Wazee wa Kitui na Makueni hawakufikiri hivyo. Katika nyimbo za Kikamba ziitwazo myali, mwimbaji husema makosa ya watu mbele ya umati. Angetumia maneno ya fumbo tupu, mkosaji angecheka pamoja na wengine, akaenda zake. Uwazi ndio uliompa mwimbaji nguvu.

Maillu ameifuata njia hiyo. Katika My Dear Bottle mlevi mmoja anaiambia chupa yake taabu zake zote, za kazi na za nyumbani. Msomaji anacheka kwanza. Baadaye anatambua kwamba mtu huyu hana mwingine wa kumsikiliza ila chupa. Hapo kicheko hukoma.

Kitabu hicho chaweza kulaumiwa kwa jambo moja: mke wa mlevi twamjua kwa kinywa cha mumewe tu. Lakini mwaka uliofuata, katika After 4.30, wanawake wa mjini wanasema wenyewe, na saa kumi na nusu jioni, saa ya kufunga ofisi, si mwisho wa shida zao. Kwa hiyo twawashauri wasomaji wavisome vyote viwili pamoja, maana cha pili ni kama jibu kwa cha kwanza.

Si vitabu vya kuwapa watoto, na mahali pengine mwandishi amekawia mno kwenye mambo ya aibu. Lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Nyumba ngapi zimevunjika kwa pombe, na ni nani aliyethubutu kulisema jambo hilo hata karani na dereva wakaelewa?

Nanyi vijana mnaotunga, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, msiogope maneno mepesi. Msomeeni bibi yako shairi lako jioni. Akikuuliza maana yake, rudi ukaandike tena.