Kamera haimjui bibi yako

Siku hizi hakuna nyumba ya jamaa zetu, iwe Maskati, Dubai au London, isiyokuwa na picha elfu kadhaa ndani ya simu. Lakini muulize mwenye simu kwa nini uso wa bibi yake umezama gizani kwenye picha ya Idi, au kwa nini umekuwa mweupe kama wa mgonjwa kwenye picha ya harusi. Atakwambia, "Simu ndivyo ilivyotoa." Mimi jibu hilo silikubali. Sura ile iliamuliwa, na kwa kuwa mwenye simu hakuamua, iliamua mashine.

Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini katika sekondari ya misheni kule pwani (ndiyo, Mwarabu kwa mapadri, na tulikaa vizuri tu), na nilipostaafu nikawafuata watoto huku Oman. Mwaka wa pili huu najifunza kupiga picha kwa kamera ya kidijitali. Bado ni mwanafunzi mchanga. Lakini wenzangu wanaotaka kuanza huniuliza wanunue kamera gani, lenzi gani, na mimi huwaambia waache duka kwanza. Waanze kujifunza mwanga unavyoangukia uso wa mtu, hata kwa simu hiyo hiyo waliyonayo.

Kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga unaorudi kutoka vitu vilivyo mbele yake, kisha inachukulia kwamba wastani wa vyote ni kijivu cha katikati, si cheupe si cheusi. Kwa bustani yenye miti na nyumba za matofali, hesabu hiyo inakwenda. Sasa tuletee sisi. Wanaume kumi wamesimama na kanzu nyeupe, zile ambazo huku huitwa dishdasha, na nyuma yao ukuta mweupe kama zilivyo nyumba nyingi za Maskati. Kamera inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinatoka za kijivu utadhani hazikufuliwa, na nyuso zinapotea. Geukia upande wa kina mama, mabuibui na abaya nyeusi tupu. Hapo inadhani pana giza, inaongeza. Buibui linapauka, na nyuso zinaungua kwa mwanga. Familia moja, baraza moja, saa moja, na imeharibu pande zote mbili.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la nne. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Weupe ukijaa kwenye picha, jumlisha moja. Weusi ukijaa, toa moja. Najua inasikika kinyume, hata darasani kwetu watu walibisha, lakini unachofanya ni kurudisha kile ambacho kamera ilikipunguza. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo. Simu nyingi zitakuonyesha kijua kidogo pembeni. Kipandishe au kishushe kwa kidole mpaka uso ufanane na huo ulio mbele yako.

Hiyo "moja" nayo ina maana yake. Hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuukata nusu. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde huingiza karibu mara mbili ya mwanga wa 1/125. Zinazowachanganya watu ni namba za tundu la lenzi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Mbona namba ndogo ndiyo tundu kubwa? Kwa sababu hizo ni sehemu. Nusu ya mkate ni kubwa kuliko sehemu moja ya kumi na sita ya mkate. Na zinapanda kwa kuzidisha 1.4, badala ya 2, kwa kuwa eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha upana wake. Kijana anayetufundisha alituambia tuzikariri tu. Mwalimu wa hesabu hawezi kuambiwa hivyo.

Na msidhani haya ni mambo ya mashine peke yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ili mafundi walinganishe rangi zao nayo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Mtafiti mmoja wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Yaani chokoleti na kabati zilisikilizwa kabla ya mama zetu. Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 walitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ionyeshe vizuri ngozi za rangi mbalimbali. Ni jambo jema, lakini linakuonyesha hali ilikuwaje kabla yake.

Hayo ya Wazungu ni mepesi kuyasema. Yetu ndiyo mazito. Tumepewa simu zenye filta za kulainisha na kung'arisha uso, nyingine zinafanya bila hata kuulizwa, na sisi tunafurahi. Juzi nilionyeshwa albamu ya harusi ya jamaa zetu. Mpiga picha, na simtaji, alikuwa amewang'arisha watu wote mpaka shangazi mtu, mwanamke wa maji ya kunde na haiba yake, hakutambulika. Nikauliza huyu nani. Waliokaa pale wakacheka, mmoja akasema, "Katoka vizuri, au siyo?"

Katoka vizuri kwa kipimo cha nani? Nyumba zetu tunazijua. Ndugu wa tumbo moja, mmoja rangi ya maziwa, mwenziwe rangi ya kahawa, na kila mtu anajua kwa nini na hapendi kulizungumza. Tuna shajara za nasaba zinazopanda baba kwa baba mpaka vijiji vya Oman, lakini bibi zetu wa pwani na wa bara, wengi wao hawamo humo hata kwa jina. Bibi mzaa baba yangu ni mmojawapo. Nyumbani kwetu ushahidi wake wote ni picha moja ya studio, na uso wake umo vile vile ulivyokuwa. Mjukuu wa mjukuu wangu atajua tulitoka kwake kwa kuitazama ile picha. Hao wa leo tukiwasafisha kwa filta, atawajuaje?

Kwa hiyo, kwa wanaoanza, hili ndilo zoezi langu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, tafuta palipoandikwa urembo au kulainisha uso, zima. Ngoja baada ya Alasiri, maana jua la mchana la huku huchimba mashimo chini ya macho. Mkalishe mtu wa kanzu na mtu wa buibui barazani kwenye kivuli, nyuso zielekee kwenye uwazi. Piga picha tatu: moja kama kamera inavyotaka, moja umejumlisha, moja umetoa. Kisha mpelekee bibi mwenyewe achague ipi ni yeye. Mwambie pia nani ataiona, familia peke yake au dunia nzima, na akikataa kupigwa, weka simu mfukoni mnywe kahawa.