Programu za kuomba msaada: kutuma ni rahisi, jibu liko wapi?

Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwaondoa wakimbizi karibu milioni 1 nchini Uganda kwenye orodha ya chakula kwa kukosa fedha. Mwaka huohuo UNHCR ilipunguza wafanyakazi duniani kote. Maana yake ni kwamba mwenye shida anaelekezwa zaidi kwenye simu kuliko kwenye meza ya mtu: piga namba, jaza fomu, pakua programu.

Kupunguza safari ni jambo jema. Anayeishi Juru au Rubondo anajua gharama ya boda hadi Base Camp, na anayekwenda Mbarara analipa zaidi. Lakini programu nyingi za kuomba msaada hutengenezwa kana kwamba kazi inaisha pale ombi linapotumwa. Kwa mwombaji, hapo ndipo kazi inapoanza.

Simu ndogo haijapitwa na wakati

Njia zilizodumu katika eneo letu zinafanya kazi hata kwenye katochi. Namba ya bure 0800 323232, ya mfumo wa pamoja wa malalamiko na maswali ya wakimbizi Uganda, ilianza mwaka 2018. Unapiga, mtu anakusikiliza, na suala asiloweza kulijibu analipeleka kwa shirika linalohusika. U-Report ya UNICEF ilianza Uganda mwaka 2011 kwa ujumbe mfupi wa bure. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, nayo ilipokea taarifa kwa ujumbe mfupi.

Programu inayodai simu kubwa, bando na chaji ya kutosha inawaacha nje watu walewale wenye shida kubwa zaidi. Ikidai pia uingie kwa akaunti ya Facebook, inaongeza ukuta mwingine, kwa sababu Facebook ilifungiwa Uganda Januari 2021 na wengi huifikia kwa VPN tu. Na fomu ndefu inayofutika yote mtandao ukikatika inakula bando la mtu bure.

Simu ni ya nani?

Programu nyingi huchukulia kwamba namba moja ni mtu mmoja. Kwetu sivyo. Ni mwaka 2019 tu ambapo mamlaka ya mawasiliano, UCC, ilielekeza wakimbizi waruhusiwe kusajili laini kwa hati zao za ukimbizi. Kabla ya hapo wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki au jirani Mganda, na familia nyingi bado zina simu moja.

Chukua mfano wa mama anayeripoti kupigwa nyumbani. Anatuma ombi, na baada ya siku mbili ujumbe unaingia: "Ombi lako kuhusu ukatili limepokelewa." Simu iko mkononi mwa mume. Hapo programu imemwongezea hatari. Dawa yake ni maswali mawili kabla ya kutuma: je, ni salama tukupigie kwa namba hii, na saa ngapi? Ujumbe wa majibu nao usitaje shida yenyewe.

Maneno yanayopotosha

Kutafsiri vitufe peke yake hakutoshi. Neno "ulinzi" kwenye orodha ya huduma linamfanya msomaji afikirie askari wa getini, wakati mashirika yanamaanisha haki na usalama wa mkimbizi. "Kesi yako imefungwa" ni ujumbe wa kawaida kwa ofisi: suala limeshughulikiwa. Kwa mtu anayesubiri, "kesi" ni jambo la mahakamani, na kufungwa kwake kunamaanisha mlango umefungwa. "Bofya" inaeleweka Dar es Salaam, lakini wengi waliotoka Kivu husema "finya". Na hapa kuna Wasomali, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, pamoja na wenyeji wa Isingiro wanaozungumza Runyankore.

Orodha ya huduma nayo ni tatizo. Mtoto aliyezaliwa karibuni hayumo kwenye karatasi ya familia, kwa hiyo hahesabiwi kwenye msaada, na sasa ni mgonjwa. Mama achague "usajili", "chakula" au "afya"? Akikosea, ombi linaenda kwa shirika lisilohusika.

Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, watu walituma ujumbe kwa namba 4636 kwa maneno yao wenyewe, kwa Kikreyoli. Wahaiti waliokuwa ng'ambo walijitolea kutafsiri, kupanga na kutambua mahali. Mzigo wa kupanga ulibebwa na msaidizi, si na aliyefukiwa na kifusi. Hapa kwetu mwombaji angeweza kurekodi sauti yake kwa lugha yake, na ofisi ipange.

Wenyeji wasisahauliwe pia. Mwongozo wa Uganda unataka asilimia 30 ya msaada uwafikie wenyeji. Fomu inayodai namba ya ukimbizi kabla ya ukurasa wa kwanza imewafungia mlango.

Jibu ndilo kipimo

Idadi ya waliopakua programu au maombi yaliyopokelewa haituambii lolote kuhusu msaada. Maswali ya kuwauliza wanaoileta kwenye mikutano ya RWC ni haya: ombi likifika, nani analishika? Nitajuaje limefika wapi? Jibu likiwa "hapana", nitaambiwa sababu? Programu isiyoweza kusema "hapana" kwa uwazi inamfanya mtu atume ombi lilelile mara kumi, kisha apande boda kwenda kuuliza. Safari tuliyodhani tumeiokoa inarudi palepale.

Fedha zilizopungua haziletwi na programu. Lakini ukweli juu ya kilichopo na kisichopo ni sehemu ya msaada, na huo programu inaweza kuuleta.

Kwa sasa, ukiomba msaada kwa simu:

- Andika tarehe, saa na jina la shirika ulilowasiliana nalo.
- Omba namba ya ombi lako na uulize jibu litakuja lini.
- Kama simu ni ya pamoja, sema mapema wasikutumie ujumbe.
- Usimpe mtu namba yako ya siri. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Anayekudai pesa ni mwizi, mripoti kwa 0800 323232.
- Kwa shida ya mtoto, piga Sauti 116 bila malipo.