Tuchague Chombo Kinachojua Kungoja

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu juu ya mabishano yaliyokaribia kukivunja Chama cha Kompyuta muhula uliopita. Nanyi wenzangu wa Chama cha Kiswahili, msigeuze ukurasa. Mambo yenyewe yalianzia kwenye jina la mtu.

Mnajua tuliitengenezea maktaba ya shule tovuti ndogo. Mwanafunzi anaandika jina lake, anatafuta kitabu, anabofya "Azima". Kila tulipobadilisha kitu ilitubidi kuijaribu upya yote, fomu baada ya fomu, mpaka vidole vikauma. Basi tukaandika programu ya kutufanyia kazi hiyo: inafungua kivinjari yenyewe, inaandika, inabofya na kutazama kama jibu ni sawa, utadhani kuna jini amekalia kiti. Chombo tulichotumia kinaitwa Selenium.

Selenium si cha kudharauliwa. Kilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago. Hata jina lake ni mzaha. Mshindani mkubwa siku hizo alikuwa kampuni iitwayo Mercury, yaani zebaki, na seleniamu husemwa kuwa ni dawa ya sumu ya zebaki. (Mwalimu wa kemia atanisahihisha.) Tangu 2018 namna yake ya kukiamrisha kivinjari ni kanuni rasmi ya W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti duniani.

Lakini kina ila moja, na kwetu sisi si ndogo. Hakingoji mpaka ukiambie kingoje. Ukurasa ukishafunguka, chenyewe mbio kwenye kitufe. Kitufe kikiwa bado kiko njiani, kinatangaza kwamba jaribio limeanguka. Kweli ipo amri ya kukingojesha, ila lazima uiandike wewe mwenyewe, nasi wanafunzi tunasahau. Tulichofanya ni kuandika "lala sekunde tano" na kwenda chakula cha mchana. Kisha mvua inashuka kutoka upande wa Menengai, intaneti inakuwa ya kobe, na sekunde tano hazitoshi. Jumatatu majaribio yote mekundu, Jumanne yote kijani, na hakuna aliyegusa kitu! Tukazoea kusema, "Ah, ni netiweki tu, bwana."

Siku moja jaribio lenye jina Ng'eno likawa jekundu. Tukasema netiweki. Likawa jekundu tena. Netiweki. Wiki mbili baadaye akaja msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, macho mekundu pia. Alikuwa amejaribu mara tatu kuazima kitabu cha marudio, tovuti ikimkataa, naye akadhani amefutwa kwenye orodha ya shule kwa ajili ya karo. Kumbe ile ritifaa iliyo ndani ya jina lake iliifanya programu yetu idhani jina limekwishia hapo! Hebu hesabu akina Ng'eno, Ng'ang'a na Ng'etich kuanzia Naivasha hadi Molo. Kosa lilikuwa letu. Jini wetu alisema kweli, lakini alikwisha kutudanganya mara nyingi mno, kama yule kijana wa hadithi aliyepiga kelele za fisi.

Ndiyo sababu nasimama upande wa Playwright. Microsoft waliitoa mwaka 2020, na jina lake maana yake ni mtunzi wa tamthilia, jambo ambalo peke yake lingetosha kuipatia kura za chama hiki. Kabla ya kubofya inangoja yenyewe mpaka kitufe kionekane, kitulie, kiwe tayari kubofywa. Jaribio likianguka, ukiwa umeiagiza, inakuwekea kumbukumbu ya kila hatua pamoja na picha, ukatazama kama ni netiweki ama ni wewe.

Wapinzani wangu wanasema inapakua vivinjari vyake, mamia ya megabaiti, nani atanunua bando? Hoja hiyo naiheshimu. Lakini yaweza kuagizwa itumie Chrome iliyomo tayari kwenye kompyuta zetu. Wengine wanataka Cypress. Hiyo huandikwa kwa JavaScript, na wengi wetu tunajua Python tu. Yuko pia aliyesema kwamba waajiri wa Nairobi wanaulizia Selenium. Sawa, lakini sisi hatujaajiriwa na mtu. Tunaazimisha vitabu.

Opera Mini iliyo kwenye simu za wazazi hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi kitakachotujaribia. Hiyo tutaendelea nayo kwa kidole.

Mlezi wa chama ametaka tupige kura kabla ya kufunga shule. Mimi nimekwisha kuandika jaribio langu la kwanza la Playwright, na mwazimaji wa kwanza ndani yake anaitwa Ng'eno.

Ni mimi,
Mwanachama, Kidato cha Nne