Stika ya mwisho hainunuliwi

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, nayo itakuja, msinipigie kelele. Leo nataka kuandika juu ya stika za wachezaji mpira. Mpwa wangu wa Marafa ameniuliza juzi kama tuanze albamu ya Kombe la Dunia la 2026, na kabla sijamjibu nimeona heri niweke hapa hesabu ambayo kila mwenye mfuko mwembamba anafaa kuijua kabla ya kununua pakiti hata moja.

Tuanze na kisa cha albamu iliyopita. Dada yangu anafanya kazi kwenye hoteli moja Malindi. Mji ule, kama mnavyojua, una Waitaliano wengi tangu zamani, na Waitaliano na stika za wachezaji ni kama sisi Wagiriama na mnazi. Kampuni ya Panini ilianzishwa Modena, Italia, mwaka 1961, na albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Basi Disemba 2022 familia moja iliyokuwa likizoni ikamwachia dada albamu ya Qatar 2022. Italia haikufuzu mwaka ule, pengine ndiyo sababu mtoto wao aliichoka mapema. Albamu ina nafasi 670. Zilikuwa zimebandikwa stika 411. Wakamwongezea na bati la biskuti lenye stika zilizojirudia, kama 120 hivi.

Mpwa wangu wakati ule alikuwa na miaka 14. Morocco ilikuwa imetoka kufika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na ukurasa wa Morocco ulikuwa na nafasi tano tupu. Unaweza kukisia kilichofuata. Alikuwa na shilingi 3,000 alizopata kwa kuwatembeza wageni kule Nyari wakati wa likizo. Pesa hizo zilikuwa za viatu vya shule. Akampata muuzaji mtandaoni, pakiti moja shilingi 150 yenye stika 5, akaagiza pakiti 20.

Stika 100 zikaja. Mpya zilikuwa 34. Nyingine 66 zilikuwa tayari ndani ya albamu au zilijirudia humo humo. Ya Morocco ilikuwa moja. Shule zilipofunguliwa Januari 2023 akaenda na viatu vilevile vya zamani, kidole kimechungulia nje. Jioni yake akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Naomba unikopeshe elfu tatu nyingine. Zimebaki chache tu."

Zilikuwa zimebaki 225. Lakini kosa la mpwa wangu halikuwa kuita 225 "chache". Kosa lake ni kudhani kwamba stika 225 zinazobaki zina bei sawa na stika 225 za kwanza. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, watu wazima kwa watoto.

Niliandika programu fupi ya Python, haifiki mistari 20, ikajaza albamu ya nafasi 670 kwa kununua pakiti tu, mara 10,000. Nilichukulia kwamba kila stika ina nafasi sawa ya kutokea. Majibu ndiyo haya, kwa wastani:

Kujaza nusu ya kwanza ya albamu: kama pakiti 93.
Kujaza albamu yote: kama pakiti 949.
Kupata stika 10 za mwisho pekee: kama pakiti 392.
Kupata ile moja ya mwisho kabisa: pakiti 134.

Rudia kusoma mstari wa mwisho. Ukibakiwa na nafasi moja, kila stika unayofungua ina nafasi moja kati ya 670 kuwa unayoitaka. Kwa hiyo nusu ya kwanza inakula sehemu moja tu ya kumi ya gharama. Mpwa wangu, na nafasi zake 225, alikuwa anahitaji takriban pakiti 803 zaidi. Kwa shilingi 150 kila moja, hiyo ni zaidi ya shilingi 120,000. Kwa pesa hizo unanunua ng'ombe zaidi ya mmoja, na bado viatu vinabaki.

Sikuvumbua hesabu hii. Wanahisabati wanaijua tangu zamani, na mwaka 2018 Profesa Paul Harper wa Chuo Kikuu cha Cardiff aliifanya kwa albamu ya Kombe la Urusi yenye stika 682. Alipata wastani wa pauni 773.60 kwa mtu anayejaza peke yake.

Maneno ya kushika hapo ni "peke yake". Nilibadilisha programu yangu kidogo: watu 10 wananunua, lakini wanabadilishana zile zinazojirudia mpaka albamu zote kumi zijae. Gharama ilishuka kutoka pakiti 949 mpaka kama 310 kwa kila mtu. Theluthi moja! Pakiti ni zilezile, kiwanda ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba una wenzako.

Maoni yangu basi ni haya: bei iliyoandikwa kwenye pakiti si bei ya stika. Bei ya kweli inategemea una watu wangapi wa kubadilishana nao. Mtoto wa Milano anafungua pakiti uwanjani shuleni, wenzake thelathini wamemzunguka, na wanapitisha stika mkononi wakiimba "celo, celo, manca", yaani ninayo, ninayo, sina. Mtoto wa Marafa anafungua pakiti ileile chini ya mwembe na ndugu zake wawili wasio na albamu. Yule wa mbali, mwenye kidogo, ndiye anayelipishwa mara tatu. Hakuna aliyepanga kumwonea, hesabu yenyewe ndiyo iko hivyo. Lakini ukishaijua, unajua na mahali pa kuweka shilingi yako: iweke kwenye nauli, usiiweke kwenye pakiti.

Ndivyo tulivyofanya. Sikumkopesha. Nilimtumia nauli ya Malindi, Jumamosi, yeye na bati lake. Wageni walikuwa bado wapo, na mama yake alikuwa ameshauliza hotelini ni watoto gani wana stika. Alirudi jioni na stika mpya 58. Kwa njia ya pakiti, hizo 58 zingemgharimu kama pakiti 40, yaani shilingi 6,000. Kiitaliano chake kilikuwa maneno mawili tu, na mnayajua tayari.

Kuna watakaosema: sasa raha iko wapi, si raha ni kurarua ile pakiti bila kujua kilichomo? Sikatai. Nunua chache mwanzoni, wakati karibu kila stika ni mpya, ufurahie. Ukifika nusu, acha. Hapo zana zako ni kubadilishana na kununua moja moja kwa namba. Panini yenyewe, katika baadhi ya nchi, huuza stika unazokosa kwa namba, kwa idadi yenye kikomo.

Wengine watasema ni uwekezaji. Kweli, Agosti 2022 kadi ya besiboli ya Mickey Mantle, toleo la Topps la 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Lakini kadi zile zilikosa wanunuzi mpaka, kwa masimulizi ya Sy Berger wa Topps mwenyewe, masanduku ya mabaki yakamwagwa baharini. Zinauzwa ghali kwa sababu karibu wote walizidharau. Kitu ambacho kila mtu anakihifadhi leo akitumaini utajiri hakiwezi kuwa adimu kesho. Usinyime miguu viatu kwa hesabu hiyo.

Hapa naomba niungame kidogo. Miaka kadhaa iliyopita mteja mmoja alinipa kazi ya kuandika "sanduku la bahati" kwenye mchezo wa simu: unalipa, linafunguka, unapata mchezaji. Niliandika. Uwezekano wa kumpata mchezaji mkali niliuweka kwenye faili ambalo mchezaji halioni, na mteja aliweza kuubadilisha usiku wakati wowote. Albamu ya karatasi, pamoja na ukali wake wote, angalau inakuonyesha nafasi zote 670 na inakuachia kitu cha kumpa mwenzako. Sanduku langu halikuwa na orodha wala namna ya kubadilishana. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo yanayolipiwa ni kamari, na mimi nakubaliana nayo. Nililipwa vizuri kwa kazi ile. Mpwa wangu aliponipigia simu kuomba elfu tatu, nilimsikia mteja wa lile sanduku.

Sasa hii ya 2026. Timu ni 48 badala ya 32, yaani kurasa zaidi za kujaza, na kadiri orodha inavyokuwa ndefu ndivyo ile ya mwisho inavyozidi kuwa mbali. Jibu langu kwake ni hapana. Nimempa wazo jingine: chagua orodha fupi yako mwenyewe, ununue kadi moja moja zilizotumika. Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia, kwa hiyo kwenye albamu zile hatuna ukurasa. Lakini Victor Wanyama alicheza Ligi Kuu ya Uingereza, Southampton kuanzia 2013 na Tottenham kuanzia 2016, na kadi zake za kawaida za Match Attax hazina bei ya kutisha. Kuna McDonald Mariga, aliyekuwa Inter ilipotwaa Ubingwa wa Ulaya 2010. Tunabishana kuhusu Divock Origi: alichezea Ubelgiji, lakini baba yake ni Mike Okoth wetu. Mpwa anasema aingie. Mimi nasema tujadili. Orodha ya kadi kumi unaweza kuimaliza, na kila shilingi unajua inanunua nini.

Ile ya Qatar bado haijajaa. Zimebaki 167, mbili kati yake za Morocco. Kwa hiyo kama uko Malindi, Watamu au Mambrui na una stika za 2022 zilizojirudia ndani ya kabati, acha ujumbe hapo chini. Zake za ziada ni nyingi, na nauli yuko tayari nayo. Viatu vilishanunuliwa.