Kipimo cha Damu Hakijui Kwa Nini Mbwa Wako Anajikuna

Leo sitaandika kuhusu seva wala hifadhidata. Au pengine nitaandika, maana jambo linalonikera wiki hii ni tatizo la data kabisa, ila limevaa koti jeupe la daktari.

Jirani yangu hapa Nyali ana mbwa wa ulinzi, German Shepherd, anayejikuna usiku kucha. Alipelekwa kliniki, akatolewa damu, damu ikasafirishwa hadi maabara ya ng'ambo, kisha ikarudi ripoti ya PDF yenye mistari ya kijani, njano na nyekundu. Jirani akaniletea niisome kwa sababu mimi ni "mtu wa kompyuta". Pesa alizolipa zingenunua simu nzuri tu. Katika mistari myekundu kulikuwa na chavua ya betula. Ndugu zangu, betula ni mti wa nchi za baridi. Nionyesheni mmoja kuanzia Daraja la Nyali hadi Shanzu, nami nitawanunulia chai na mahamri nyote.

Nikamuuliza: kabla ya kutoa damu, kuna mtu aliyempitishia mbwa chanuo la viroboto? Hapana. Kuna aliyemkwangua ngozi kidogo na kutazama kwa hadubini? Hapana.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kipimo hiki kinauzwa kama jibu la swali "je, mbwa wangu ana ugonjwa wa ngozi wa mzio?" na hakiwezi kulijibu swali hilo.

Tuanze na kinachopimwa. Ni kingamwili ziitwazo IgE, ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vitu fulani: utitiri wa vumbi la nyumbani, chavua, mate ya viroboto. Wale mnaoandika programu, ifikirieni kama logi ya seva. Logi inakuambia kwamba anwani fulani ilipita hapa. Haikuambii kwamba ndiyo iliyoiangusha seva. Mbwa wengi wazima kabisa, wasiojikuna hata kidogo, wana IgE dhidi ya utitiri wa vumbi. Kwa sababu hiyo kamati ya kimataifa ya magonjwa ya mzio ya wanyama, ICADA, ilisema waziwazi katika mwongozo wake wa 2015 kwamba ukurutu wa mzio wa mbwa hutambuliwa kwa historia na dalili, baada ya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nao. Kipimo cha IgE huja baadaye, pale ugonjwa unapokwisha kujulikana na daktari anataka kuchagua vitu vya kutia katika sindano za kumzoesha mbwa. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nacho.

Na betula je? Chavua za mimea mingi zina sukari zinazofanana katika protini zake. Mbwa akiwa na kingamwili dhidi ya sukari hizo, kipimo kinaweza kuwaka nyekundu kwa mimea chungu nzima, hata ile ambayo hajawahi kuinusa maishani. Kwa lugha yetu, ulinganisho unafanyika kwa sehemu ndogo mno ya neno, basi kila kitu kinalingana. Kuna maabara zinazojaribu kuzizuia sukari hizo kabla ya kupima. Muulize wako kama anafanya hivyo.

Sasa ongezeni pwani yetu. Minyoo nayo hupandisha IgE mwilini, na mbwa wa huku hawana uhaba wa vimelea. Kuna hata mnyoo wa damu uliopewa jina la kisiwa chetu, Brugia patei, ulioelezwa na wanasayansi mwaka 1958 kutoka kwa mbwa na paka wa Pate, huko Lamu. Mbwa, hata wazima, wana IgE nyingi kuliko binadamu. Kuijumlisha yote na kusema "imepanda, basi ana mzio" ni kusoma kelele.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Mwaka 2010 Claude Favrot na wenzake walitoa vigezo vya kumtambua mbwa mwenye ukurutu wa mzio, vilivyotokana na mbwa zaidi ya 800. Havitaki damu. Vinauliza: alianza kujikuna kabla ya miaka mitatu? Miguu ya mbele imeathirika? Masikio je, lakini kingo zake ziko salama? Mgongo karibu na mkia uko salama? Mwasho hutulia akipewa dawa za steroidi? Mbwa akitimiza vigezo vitano, vigezo hivyo huwanasa takriban 85 kati ya wagonjwa 100, na hukosea kwa takriban 21 kati ya 100 wasio na ugonjwa huo.

Tuseme mbwa 100 wanaojikuna wanaletwa kliniki, na 20 ndio wenye mzio kweli. Waliobaki wana viroboto, upele, fangasi na mengineyo. Vigezo vitawanasa 17 kati ya wale 20, na vitawasingizia 17 kati ya wale 80. Yaani ukiambiwa "ndiyo", ni kama kurusha shilingi. Lakini ondoa kwanza mbwa 60 wenye viroboto na upele kwa chanuo na hadubini. Wanabaki 40. Sasa vigezo vinanasa 17 na kusingizia wanne tu. Kilichobadilika ni chanuo, tena linauzwa bei ya soda chache. Na hivi ni vigezo vizuri! Fikiria kipimo kinachowaka kwa mbwa wazima kwa wingi.

(Hata Favrot nimsome kwa jicho la Nyali. Kigezo kimoja ni kwamba mbwa anaishi zaidi ndani ya nyumba. Mbwa wetu wengi ni askari. Wanalala nje ya geti.)

Najua wapo watakaosema sayansi imesonga mbele, kuna viashiria vipya. Kweli. Maarufu zaidi ni IL-31, protini inayobeba ujumbe wa mwasho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliipata katika damu ya asilimia 57 ya mbwa wenye ukurutu wa mzio, na haukuipata kwa mbwa wazima. Kazi nzuri sana, ikasaidia kuleta dawa, lokivetmab, kingamwili inayoikamata IL-31 kabla haijafikisha ujumbe. Lakini kama kipimo, asilimia 57 maana yake wagonjwa 43 kati ya 100 wanarudishwa nyumbani na kuambiwa hawana kitu. Kiashiria kinaweza kuwa shabaha bora ya dawa na kipimo kibovu cha ugonjwa. Ni kazi mbili tofauti.

Wala msidhani kuna mlinzi mlangoni. Hata Marekani, mamlaka ya FDA haidai vipimo vya wanyama viidhinishwe kabla ya kuuzwa. Binamu zao, vipimo vya mate na manyoya, vilitiwa aibu mwaka 2019 pale Kimberly Coyner na Andrea Schick walipotuma manyoya ya mwanasesere na kimiminika kisicho na mate ya mnyama yeyote. Mwanasesere akarudi na orodha ya mzio.

"Basi tufanye nini, fundi?" Pitisha chanuo juu ya karatasi nyeupe iliyoloa, vipunje vyeusi vikitoa wekundu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Daktari akwangue ngozi kutafuta utitiri wa upele, abandike utepe wa gundi kutafuta fangasi. Ukishuku chakula, usitoe damu: wiki nane za nyama ambayo hajawahi kula, tuseme ya ngamia, na viazi vitamu, bila mabaki ya ugali na omena kutoka kwa askari. Kisha mrudishie chakula cha zamani. Mwasho ukirudi, umepata jibu. Na damu ya mbwa wa pwani ina kazi yake halali, kwa mfano kutafuta magonjwa ya kupe.

Maabara inayotaka kutuuzia kipimo cha mzio na ianze hivi: ipime mbwa 50 wa Kisauni wasiojikuna na 50 waliothibitishwa kuwa na mzio, bila kuambiwa yupi ni yupi, kisha iweke matokeo yote hadharani. Faili la CSV linatosha, rangi tutapaka wenyewe.