Msabato na Mtihani wa Jumamosi



Juzi tulipokuwa tukingoja chai, mvulana mmoja alisema kwamba Msabato anayekataa kufanya mtihani siku ya Jumamosi haipendi nchi yake. Wengi walicheka, nami nikanyamaza. Sasa nataka kumjibu.

Neno hili lilikwisha kufika mahakamani, hapa hapa Kampala. Wanafunzi watatu Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walikishitaki chuo chao kwa sababu masomo na mitihani iliwekwa Jumamosi. Chuo kilijibu kwamba kina watu wa dini zote, wala hakiwezi kufuata siku takatifu ya kila dini. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikawakatalia tena mwaka 2006.

Mwenzetu aliitaja hukumu hiyo kuwa ushahidi wake. Mimi naona kinyume. Wanafunzi hao hawakuvunja madirisha wala hawakuitukana serikali. Walifungua Katiba ya 1995, wakasoma kifungu cha 29 kinachompa kila mtu uhuru wa kuifuata dini yake, wakaenda kwa majaji. Mtu anayeidharau Katiba hataki kujisumbua hivyo.

Kifungu cha 7 chasema kwamba Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Nakipenda sana, kwa maana mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana vita hapo Mengo, na watu wakafa. Lakini tazameni: nchi hii isiyo na dini ya serikali hupumzika Jumapili! Mkristo wa Namirembe au wa Rubaga haambiwi achague kati ya ibada na mtihani. Jumapili tuliipokea kwa wamisheni na kwa Waingereza waliotutawala, nasi tumeizoea hata hatuioni kuwa ni siku ya dini.

Nakubali kwamba chuo chenye maelfu ya wanafunzi kina shida ya kupanga siku. Shule yetu si Makerere. Darasani mwetu mna Wasabato wawili tu, na jaribio la hesabu la Jumamosi laweza kufanywa Alhamisi jioni bila kumdhuru mtu.

Nimekwisha kumwomba kiranja alipeleke neno hili kwa mwalimu wetu. Yule mvulana wa chai asema Alhamisi haiwezekani kabisa, kwa kuwa ana mpira.