Kocha, mwache binti ashangilie goli lake

Wasikilizaji wa Hombo, pande zote mbili za daraja, na ninyi familia mliohama kutoka Masisi ambao mnatusoma kwa simu ya kuazima, leo sileti habari za barabara wala za bei ya muhogo. Leo naleta ugomvi, na ninaomba muusikilize mpaka mwisho.

Jumapili iliyopita ekipe ya mabinti wa hapa ilicheza na ekipe ya mabinti wakimbizi wa ndani. Wakimbizi walikuwa wamefungwa 3-0, na wengi wao walicheza miguu mitupu. Dakika za mwisho binti mmoja akafunga. Hakuruka, hakukata kiuno. Alisimama, akaziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine akaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Kila mtu kiwanjani alielewa.

Kocha wake akamtoa palepale. Akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba binti mwenye malezi hafanyi vituko vya namna ile. Watu wakacheka. Binti akaenda kukaa nyuma ya migomba, peke yake, na goli lake.

Jina lake sitalitaja, wala mahali anapolala. La kocha pia nitaliacha. Lakini jambo lenyewe siliachi.

Alama ile binti hakuizua yeye. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Kodivaa, wachezaji wetu wa Leopards waliifanya wakati wimbo wa taifa unapigwa. Walikuwa wanauambia ulimwengu kwamba mashariki ya Kongo watu wanauawa na hakuna anayesema. Kocha wao Sébastien Desabre, Mfaransa, aliifanya pamoja nao. Tulifungwa 1-0 na tukatoka. Hata hivyo, hapa Hombo nani alimwambia Desabre kwamba hana malezi? Tulimsifu. Tulisema huyu mzungu anatuelewa.

Sasa niambieni. Mwanaume aliyetoka mbali akifanya alama ile, ni shujaa. Binti aliyekimbia risasi mwenyewe, akiwa na mdogo wake mgongoni, akiifanya, ni kituko. Hesabu hii ni ya namna gani?

Wengine wananijibu: shida si alama, shida ni kwamba mtoto wa kike hapaswi kujionyesha. Hayo si maneno ya Hombo peke yake. Mwaka 2019, kwenye Kombe la Dunia la wanawake kule Ufaransa, Marekani iliifunga Thailand 13-0. Wachezaji walishangilia kila goli, hata lile la mwisho. Walilaumiwa kwamba wamekosa heshima. Kocha wao Jill Ellis hakuwatupa. Aliuliza kama wanaume wangefunga hivyo katika Kombe la Dunia, je, nao wangeulizwa maswali hayo?

Kuna jambo lingine la mashindano yale ambalo watu wamelisahau. Siku chache baadaye, Thailand hao hao walicheza na Uswidi. Walifungwa 5-1. Lakini lile goli moja, walilolipata mwishoni kabisa, lilimfanya meneja wa timu yao, Nualphan Lamsam, alie machozi ya furaha pale kwenye benchi. Mtu aliyekwisha kushindwa alilia kwa furaha, na hakuna aliyemcheka. Aliyeshindwa naye ana haki ya kufurahia goli lake. Pengine yeye ndiye anayelihitaji zaidi.

Sisemi kila anachofanya kocha wakati wa shangwe ni kizuri. Hapana. Wako wanaojifanya furaha ni ya kwao. Tarehe 20 Agosti 2023, mabinti wa Uhispania walichukua Kombe la Dunia kwa kuifunga Uingereza 1-0. Wakati wa kupokea medali, rais wa shirikisho lao, Luis Rubiales, alimbusu mdomoni mchezaji Jenni Hermoso bila ridhaa yake. Siku tano baadaye Rubiales alipokataa kujiuzulu, kocha Jorge Vilda alikuwa ukumbini akimpigia makofi. Kazi yake ikaisha Septemba. Februari 2025 mahakama ilimkuta Rubiales na hatia na kumtoza faini ya euro 10,800. Wazazi, angalieni hapo: siku kubwa kuliko zote katika maisha ya mabinti wale, watu wakazungumzia mdomo wa mwanaume badala ya mpira wao.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa mikono ya kocha wakati wa kushangilia, ana haki ya kuogopa. Dawa yake ni kumchunga kocha. Kumnyima binti furaha hakumponyi mtu.

Nilikwenda kuzungumza na kocha wetu. Alinijibu kwa utulivu: "Ndugu mwandishi, barabarani kuna watu wenye silaha. Alama ile mtu anaweza kuichukua vibaya. Nilimlinda." Nilinyamaza, kwa sababu hilo ni kweli. Sote tunajua tunaishi katikati ya nini. Mimi pia kuna majina ambayo siyasemi redioni.

Lakini, kocha, hiyo siyo sababu uliyoitoa kiwanjani. Kiwanjani ulisema hana malezi. Kama ni hatari, mwite pembeni umwambie ni hatari. Ataelewa, maana hatari anaijua kuliko wewe na mimi. Ukimwambia ni aibu, unamfundisha kwamba yaliyompata yeye ndiyo aibu.

Naomba mambo manne, na hayagharimu hata faranga moja. Kabla ya mechi, kocha akae na mabinti wakubaliane namna ya kushangilia ambayo haitamweka mtu hatarini. Sheria iwe moja kwa wavulana na wasichana. Kanuni za mpira zenyewe zinaruhusu kushangilia goli, mradi mtu asipitilize. Kila ekipe ya mabinti iwe na mama mmoja kwenye benchi, anayeheshimika, mwenye sauti. Na kocha ashangilie akiwa kocha: apige makofi, apige vigelegele akitaka, lakini mikono yake ikae kwake.

Tunapenda shangwe ya mabinti pale inapokuja na kombe. Novemba 2024, TP Mazembe ya wanawake ilipochukua ubingwa wa klabu za Afrika kule Moroko, ikiongozwa na kocha mwanamke, Lamia Boumehdi, sote tulijisifu kwamba ni wa kwetu. Hakuna aliyeuliza kama walicheza ngoma kwa adabu. Binti wa Hombo hana kombe. Ana goli moja, katika mechi waliyofungwa.

Tangu Jumapili ile hajarudi mazoezini. Mama yake ameniambia anasema mpira umemchosha. Mimi siamini kwamba ni mpira.

Kocha, unajua familia yao imepokelewa nyumba gani. Si mbali, unavuka daraja tu. Nenda kabla ya Jumapili. Mwambie ulikuwa na hofu, na kwamba goli lile lilikuwa zuri. Nasi tuliocheka siku ile, na mimi nilikuwemo, tuje kiwanjani mapema tumpigie makofi akiingia.